Misuli, Kazi na Joto: Ishara za Seli kwa Mtu wa Ufipa Anayeshuka Bondeni

Mji wa Sumbawanga, ambamo imo kata ya Katandala, umejengwa juu ya uwanda wa Ufipa, takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai wakazi wake huvaa makoti, na mkulima huweza kushika jembe hadi mchana bila kuloa jasho. Upande wa mashariki, kupita milima ya Lyamba lya Mfipa, nchi huteremka ghafla hadi Bonde la Ziwa Rukwa, lililo kwenye mwinuko wa takribani mita 800. Upande wa magharibi huteremka hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, ulio chini zaidi kidogo. Kwa kawaida hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 ambazo mtu anashuka. Kwa hiyo anayetoka Katandala kwenda bondeni kulima mpunga, kuvuna ufuta au kufanya biashara ya samaki hubadilisha hali ya hewa kwa safari ya saa chache tu. Mwili wake haubadiliki kwa kasi hiyo.

Tofauti hiyo ya kasi ndiyo kiini cha somo hili. Mtu mwenye afya njema, aliyezoea kazi ngumu, anaweza kuanguka shambani siku ya kwanza au ya pili baada ya kushuka. Watu walio karibu naye hugusa ngozi yake, huiona ina moto, na husema ni malaria. Mara nyingine ni malaria kweli. Mara nyingine ni joto lililotengenezwa na misuli yake mwenyewe na likakosa njia ya kutoka, na kila dakika inayopita bila kumpoza humsogeza karibu na kifo. Ili kuelewa kwa nini joto lile lile linaloimarisha misuli linaweza pia kuivunja, yafaa kuanzia ndani ya seli.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala hii, msomaji ataweza:

1. Kueleza jinsi misuli inavyozalisha joto wakati wa kazi.
2. Kutaja ishara kuu zinazoamshwa ndani ya seli ya msuli na mazoezi na joto.
3. Kutofautisha msongo wa joto unaojenga na ule unaobomoa.
4. Kutambua kiharusi cha joto, kumhudumia mgonjwa mapema, na kupanga kazi ya bondeni kwa usalama.

Msuli ni tanuri

Misuli inayoshikamana na mifupa huchukua takribani asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima. Kazi yake ni kugeuza nishati ya chakula kuwa mwendo, lakini mgeuzo huo una hasara kubwa. Kati ya nishati yote inayotumika, asilimia 20 hadi 25 tu huwa mwendo, na iliyobaki hutoka kama joto.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Chukulia mkulima wa kilo 60 anayelima kwa jembe la mkono na kutumia kilokalori 400 kwa saa. Angalau robo tatu ya nishati hiyo, yaani kilokalori 300, hugeuka joto. Mwili wa kilo 60 huhitaji takribani kilokalori 50 ili upande nyuzi moja ya Selsiasi. Kama joto hilo lisingepata njia ya kutoka, mwili wa mkulima ungepanda nyuzi 6 kwa saa moja, kutoka 37 hadi 43, kiwango ambacho ni vigumu kupona.

Kinachomwokoa ni damu na jasho. Damu hubeba joto kutoka kwenye misuli hadi kwenye ngozi, na jasho hulichukua linapokauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takribani kilokalori 580. Kwa hiyo nusu lita kwa saa ingetosha kumlinda mkulima huyo. Neno la kuzingatia hapa ni “ikikauka”. Jasho linalodondoka chini halipozi kitu. Ndiyo maana kazi katika majaruba ya mpunga, ambako hewa ina unyevu na upepo umezibwa na mimea, huweza kuwa hatari kuliko kazi katika uwanja mkavu wenye joto lile lile.

Jinsi habari inavyopita ndani ya seli

Seli ya msuli haina macho wala masikio, lakini hutambua mabadiliko na kuyajibu. Huwa na protini zinazohisi, protini zinazopeleka habari, na protini zinazotekeleza. Mara nyingi habari hupelekwa kwa njia ya fosfati. Vimeng'enya vinavyoitwa kinesi hubandika fosfati juu ya protini nyingine, na protini hiyo huamka au hulala kutokana na alama hiyo. Vimeng'enya vingine huibandua fosfati kazi inapokwisha. Habari hupita hivyo kutoka mkono hadi mkono, mpaka ifike kwenye kiini cha seli, ambako jeni husomwa na protini mpya huagizwa.

Njia hii ina faida mbili. Kwanza, ishara ndogo huweza kukuzwa, kwa kuwa kinesi moja huamsha protini nyingi. Pili, ishara kadhaa huweza kukutana na kupimwa pamoja kabla uamuzi haujafanyika. Msuli unaofanya kazi katika joto hupokea ishara za kazi na ishara za joto kwa wakati mmoja, na jibu lake hutegemea jinsi ishara hizo zinavyolingana.

Ishara za mazoezi

Ishara ya kwanza ni *kalsiamu*. Neva inapoamuru msuli ujikaze, kalsiamu iliyohifadhiwa katika vifuko ndani ya seli hutolewa kwa ghafla kupitia milango maalumu. Kalsiamu hiyo huwezesha nyuzi za protini kuvutana. Kisha pampu huirudisha ndani ya vifuko, na msuli hulegea. Pampu hizo hutumia nishati nyingi. Aidha, kalsiamu inapopanda mara kwa mara huamsha kinesi zinazoieleza seli kwamba inatumika, na kwamba ijiandae kutumika zaidi.

Ishara ya pili hutokana na *ghala la nishati*. Nishati ya haraka ya seli huhifadhiwa katika molekuli ya ATP. ATP inapotumika hubaki ADP, na ADP mbili zinaweza kubadilishana fosfati ili ipatikane ATP moja, huku AMP moja ikibaki. Kwa hiyo AMP nyingi ni kama magunia matupu yanayorundikana ghalani: ukiyahesabu utajua akiba imepungua. Kimeng'enya kiitwacho AMPK ndicho mhesabu huyo. Kinapoamka husimamisha matumizi yasiyo ya lazima, huharakisha uunguzaji wa mafuta na glukosi, na huchangia kusogeza milango ya glukosi iitwayo GLUT4 hadi kwenye utando wa seli ili sukari iingie.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mgonjwa wa kisukari. Kwa kawaida insulini ndiyo inayoamuru milango hiyo ifunguke. Msuli unaojikaza huifungua kwa njia nyingine, isiyongoja insulini. Baada ya kazi, msuli hubaki ukiitikia insulini vizuri zaidi kwa muda unaoweza kufika siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo daktari husisitiza mazoezi ya kila siku au ya siku moja kwa mbili, badala ya mazoezi mazito ya mara moja kwa wiki.

AMPK, pamoja na kinesi ya p38 na ishara za kalsiamu, huamsha protini iitwayo PGC-1 alfa. Hii ndiyo msimamizi wa ujenzi wa mitokondria, yaani vyumba ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni. Msuli wenye mitokondria nyingi huchelewa kuchoka.

Ishara ya tatu ni *mzigo*. Mtu anapoinua gunia au anapopindua udongo mzito, msuli huvutwa kwa nguvu, na kinesi iitwayo mTOR huamka. Asidi za amino zinazotokana na maharage, samaki, maziwa au nyama huiongezea nguvu. mTOR huagiza protini mpya, na msuli hunenepa na kuimarika. Wanaotengeneza *ntumba*, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea, huamsha njia hii kila msimu bila kuingia katika ukumbi wowote wa mazoezi.

Ishara za joto

Habari ya joto iligunduliwa kwa nzi wa matunda. Mwaka 1962 mwanasayansi wa Italia, Ferruccio Ritossa, alichapisha taarifa kwamba nzi hao wakipashwa joto, sehemu fulani za kromosomu zao huvimba, ishara kwamba jeni zilizomo zimeanza kusomwa kwa kasi. Mwaka 1974 Alfred Tissières na wenzake walionyesha kwamba jeni hizo hutengeneza protini maalumu. Zilipewa jina la protini za mshtuko wa joto. Baadaye zilipatikana katika viumbe wa namna nyingi, tangu bakteria hadi binadamu, na mojawapo iliyochunguzwa sana katika msuli ni HSP70.

Kila protini hufanya kazi ikiwa imekunjwa kwa umbo lake sahihi. Joto likizidi, mikunjo hulegea, na protini zilizolegea hunatana na kuharibika. HSP70 huzishika protini hizo, huzizuia zisinatane, na huzisaidia kurudi katika umbo lake. Zisizoweza kurekebishwa hupelekwa kuvunjwa.

Namna seli inavyojua kwamba imepata joto ni ya kuvutia kwa wepesi wake. Wakati wa utulivu, HSP70 na jamaa zake huishikilia protini iitwayo HSF1 isifanye kazi. Joto linapolegeza protini nyingi, HSP70 hukimbilia kuzihudumia na kuiacha HSF1 huru. HSF1 tatu huungana, huingia kwenye kiini cha seli, na huamuru HSP70 zaidi zitengenezwe. Zikishakuwa za kutosha, baadhi yake huishikilia tena HSF1, na amri hukoma. Mtambo huu hujiwasha na kujizima wenyewe.

Mazoezi pia huuwasha, hata katika hewa ya baridi. Msuli wa paja uliotulia huwa na joto la takribani nyuzi 35. Katika mazoezi mazito huweza kupita 39. Zaidi ya joto hilo, mazoezi huongeza chembe tendaji za oksijeni, hupunguza glaikojeni, na huipasua kidogo miundo ya nyuzi. Yote haya huilegeza mikunjo ya protini. Kwa hiyo HSP70 huongezeka katika msuli baada ya mazoezi na hubaki juu kwa siku kadhaa. Mtu anayerudia kazi ile ile kesho yake huikuta seli imeshajiandaa.

Kazi na joto vinapokutana

Joto la kiasi husaidia ishara za mazoezi. Majaribio yameonyesha kwamba msuli uliopashwa joto wakati wa mazoezi ya kubeba uzito huamsha njia ya mTOR zaidi kuliko usiopashwa. Katika jaribio jingine, watu wenye afya walifungwa mguu mmoja usitumike kwa siku 10, na baadhi yao wakapashwa joto ndani ya msuli kwa saa 2 kila siku. Waliopashwa joto walipoteza msuli kidogo zaidi, na mitokondria zao zililindwa. Matokeo haya yanatoa matumaini kwa wagonjwa wasioweza kutembea, lakini hayamaanishi kwamba kukaa juani ni badala ya mazoezi. Joto peke yake halifunzi moyo, mifupa wala neva namna mwendo unavyofanya.

Kwa anayefanya kazi katika joto kila siku, mwili wote hubadilika ndani ya siku 7 hadi 14. Maji ya damu huongezeka, hivyo moyo hupata cha kusukuma kuelekea ngozi na misuli kwa pamoja. Jasho huanza mapema na huwa jingi zaidi. Chumvi inayopotea katika jasho hupungua. Ndani ya seli, akiba ya HSP70 hukua. Mabadiliko haya huitwa mazoea ya joto. Huanza kupotea ndani ya wiki mtu anaporudi kwenye baridi, na baada ya mwezi mmoja hivi huwa yamekwisha kwa sehemu kubwa. Mkazi wa Katandala aliyelima bondeni mwaka jana hana kinga aliyoibakiza. Kila msimu huanza upya.

Ukakamavu nao haumwondolei mtu hatari hiyo. Septemba 2019, katika mbio ndefu za wanawake za mashindano ya dunia mjini Doha, waandaaji walianzisha mbio usiku wa manane ili kukwepa jua, lakini hewa ilikuwa bado ya moto na yenye unyevu mwingi. Kati ya wanawake 68 walioanza, 40 tu ndio waliomaliza. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43, zaidi ya dakika 15 juu ya rekodi ya dunia ya wakati huo. Waliomaliza walikubali kwenda polepole. Kwa mfanyakazi wa bondeni, kupunguza mwendo ni kinga ya kwanza, wala si dalili ya uvivu.

Mpaka unapovukwa

Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe. Moto ukiwa hafifu, chuma hakitoki. Usipotawaliwa, tanuri huharibika. Seli ya msuli iko katika hali hiyo hiyo.

Joto linapozidi, milango ya kalsiamu huvuja. Pampu hulazimika kufanya kazi bila kukoma ili kuirudisha kalsiamu, na kazi hiyo yenyewe huzalisha joto zaidi. ATP hupungua, na pampu nazo hudhoofika. Kalsiamu iliyobaki nje ya vifuko huamsha vimeng'enya vinavyokata protini na utando wa seli. Hapo ishara ya ujenzi hugeuka ishara ya maangamizi. Msuli hupasuka na kumwaga ndani ya damu potasiamu, kimeng'enya cha CK, na mayoglobini, ambayo ni protini nyekundu inayohifadhi oksijeni. Potasiamu huweza kusimamisha moyo. Mayoglobini hupita kwenye figo na kuzidhuru, na mkojo huwa na rangi ya kahawia kama chai ya rangi.

Wakati huo huo damu imeelekezwa kwenye ngozi na misuli, na matumbo yanapata kidogo. Ukuta wa matumbo hulegea na sumu za bakteria huingia katika damu. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na akili ikavurugika, hali hiyo huitwa kiharusi cha joto. Jina hili lisichanganywe na kiharusi kinachotokana na mishipa ya damu ya ubongo.

Baadhi ya watu huzaliwa na hitilafu katika jeni ya mlango wa kalsiamu wa msuli, iitwayo RYR1. Hao huweza kupata joto kali la ghafla wanapopewa dawa fulani za usingizi kama halothani au dawa ya kulegeza misuli ya saksamethoniamu. Wengine wenye hitilafu hiyo wamepata kiharusi cha joto wakati wa mazoezi. Kwa hiyo aliyewahi kuanguka kwa joto bila sababu ya wazi, au aliye na ndugu aliyefariki akiwa katika usingizi wa upasuaji, yafaa amweleze mtaalamu wa usingizi kabla ya upasuaji wowote.

Malaria au joto? Kwa mhudumu wa afya

Bonde la Rukwa na mwambao wa Tanganyika ni maeneo ya malaria. Mgonjwa mwenye mwili wa moto, aliyechanganyikiwa na mwenye mkojo mweusi huelekeza mawazo kwenye malaria kali, na ni haki kufikiri hivyo. Kosa ni kuishia hapo. Mambo yafuatayo husaidia:

- *Historia.* Je, alianguka akiwa kazini au muda mfupi baada ya kazi? Alifika bondeni lini? Homa ya malaria mara nyingi hutanguliwa na siku za kuumwa kichwa, baridi na uchovu. Kiharusi cha joto cha kazi huja ndani ya saa chache.
- *Joto la ndani.* Kipimo cha kwapani au mdomoni huweza kudanganya. Kipimo cha njia ya haja kubwa ndicho cha kuaminika.
- *Jasho.* Mgonjwa wa kiharusi cha joto kitokanacho na kazi anaweza bado kutoka jasho. Ngozi yenye unyevu haiondoi utambuzi huo.
- *Kipimo cha haraka cha malaria.* Majibu chanya hayaondoi kiharusi cha joto. Vipimo vinavyotambua protini ya HRP2 huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona, na mtu anaweza pia kuwa na hali zote mbili.
- *Mkojo.* Karatasi ya kupimia mkojo ikionyesha damu, lakini hadubini isione chembe nyekundu, fikiria mayoglobini au hemoglobini. CK iliyopanda sana pamoja na misuli inayouma huelekeza kwenye kuvunjika kwa misuli.
- *Sukari.* Kila aliyechanganyikiwa apimwe sukari ya damu mara moja.

Kanuni ya matibabu ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Shambani, mgonjwa alazwe juu ya turubai, watu wainue kingo zake, kisha amwagiwe maji ya baridi yanayopatikana hadi yamzunguke, kichwa kikiwa nje ya maji na njia ya hewa ikilindwa. Kama maji ni machache, avuliwe nguo nzito, alowanishwe mwili mzima na kupepewa mfululizo. Lengo ni kushusha joto chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa, kisha kusimamisha upozaji asije akapoa kupita kiasi. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui.

Parasetamoli haifai hapa. Katika homa ya maambukizi, ubongo umepandisha kiwango unachokitaka, na dawa hukishusha. Katika kiharusi cha joto kiwango hakijapandishwa. Joto limezidi uwezo wa kutoka. Dawa huongeza tu mzigo kwa ini lililokwisha kujeruhiwa. Diklofenaki na dawa za jamii yake ziepukwe kwa ajili ya figo. Kituoni, maji ya mshipa ya chumvi yatolewe, mkojo upimwe kila saa, na moyo uchunguzwe kwa hofu ya potasiamu. Ikiwa malaria kali haiwezi kuondolewa, sindano ya artesuneti ianze kwa mujibu wa mwongozo wa taifa huku upozaji ukiendelea. Tiba moja haingoji nyingine.

Kwa mgonjwa mwenye maradhi ya kudumu

Mwenye kisukari anufaike na milango ya glukosi inayofunguliwa na kazi, lakini ajue kwamba sukari inaweza kushuka akiwa shambani au usiku unaofuata, hasa akitumia insulini au glibenklamidi. Abebe kitu kitamu na apime mara nyingi zaidi katika siku za kwanza za bondeni. Insulini ihifadhiwe mahali pa baridi. Chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowa maji husaidia pasipo na friji.

Mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa za kukojoza, kama haidroklorothiazidi au furosemidi, hupoteza maji na chumvi kabla hata ya kutoka jasho. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huzuia mwili usijipoze vizuri. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Amwone mhudumu kabla ya kushuka ili kipimo kiangaliwe.

Mwenye jeni moja ya selimundu huishi kwa kawaida bila kuugua, lakini kazi ya nguvu ya ghafla katika joto humwongezea hatari ya kuvunjika kwa misuli. Aanze polepole kuliko wenzake na aache kazi mara misuli inapouma isivyo kawaida.

Ratiba ya kushuka bondeni

Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, hushauri mfanyakazi mgeni katika joto afanye asilimia 20 ya kazi kamili siku ya kwanza, kisha aongeze asilimia 20 kila siku. Kwa mkulima anayelima saa 5 kwa siku, hesabu ni nyepesi: saa 1 siku ya kwanza, saa 2 siku ya pili, mpaka saa 5 siku ya tano. Hata baada ya hapo, wiki ya pili bado ni wiki ya tahadhari.

Maji yanywewe kidogo kidogo, kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 za kazi, wala yasizidi lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi mno bila chumvi hushusha sodiamu ya damu na kuleta mchafuko wa akili unaofanana na kiharusi cha joto. Chakula chenye chumvi ya kawaida hutosha kwa walio wengi. Kazi nzito ianze alfajiri, isimame jua linapokuwa kali, na wafanyakazi wasitengane mbali. Anayechanganyikiwa hajijui, lakini mwenzake atamwona. Pombe ya jioni humkausha mtu na kumfanya aanze kesho akiwa na upungufu. Mwenye homa au kuhara asilime siku hiyo.

Maswali ya kujipima

1. *Kwa nini mtu aliyelima bondeni msimu uliopita huanza upya?* Kwa sababu mazoea ya joto huanza kupotea ndani ya wiki za kukaa penye baridi.
2. *Msuli unaojikaza huingizaje glukosi pasipo kungoja insulini?* Kwa ishara za kazi yenyewe, zikiwemo za AMPK na kalsiamu, zinazosogeza milango ya GLUT4 hadi kwenye utando wa seli.
3. *Seli huzimaje amri ya kutengeneza HSP70?* HSP70 zikitosheleza mahitaji, huishikilia tena HSF1.
4. *Mgonjwa aliyeanguka shambani ana nyuzi 41 na kipimo cha malaria ni chanya. Hatua ya kwanza ni ipi?* Kumpoza mara moja, huku sukari ikipimwa na tiba ya malaria ikiandaliwa.

Kilichoandikwa hapa kinaweza kufupishwa kwa ajili ya mkutano wa kijiji au kliniki ya wagonjwa wa kisukari: joto na kazi huimarisha msuli pale vinapoongezwa kwa hatua, na huuvunja pale vinapokuja kwa pamoja na kwa ghafla. Katika vikundi vinavyoshuka Lyamba lya Mfipa kwa msimu wa mpunga, mtu mmoja akijua kutumia turubai na ndoo za maji, mwenzake aliyeanguka ana nafasi kubwa zaidi ya kufika hospitali akiwa hai.